Keki ya harusi mjini Kigoma: mwokaji wa nyumbani, bekari, fundi wa mbali au kifurushi cha mapambo?

Kamati nyingi za harusi nilizozitumikia katika Manispaa ya Kigoma Ujiji, mara kama katibu na mara kama mweka hazina, zilitumia vikao viwili au vitatu kubishania ukumbi na muziki, kisha zikaimaliza ajenda ya keki kwa dakika tano: mtu mmoja huonyesha picha kwenye simu, wengine husema "hiyo hiyo", na mwenyekiti huhamia kwenye vinywaji. Picha ile haisemi keki ilikaa kwenye joto la kiasi gani, ilisafiri umbali gani, wala kama ghorofa zake zote zilikuwa za kuliwa. Mwokaji huchaguliwa kwa picha, halafu keki huja kuhukumiwa saa tatu usiku, ikiwa imeshakaa ukumbini tangu mchana.

Kwa anayeandaa harusi hapa mjini ziko njia nne za kupata keki. Ya kwanza ni mwokaji wa nyumbani, yaani yule mama au kijana wa Mwanga, Gungu, Katubuka au Ujiji anayeoka jikoni kwake na kujulikana kwa kusifiwa na majirani. Ya pili ni bekari au duka la keki lenye kabati la kioo na wafanyakazi. Ya tatu ni fundi wa mbali, aghalabu wa Mwanza au Dar es Salaam, ambaye ama huituma keki ama husafiri nayo mwenyewe. Ya nne ni kifurushi cha mapambo, ambamo kampuni inayopamba ukumbi huahidi pia kuleta keki, ikiwa imehesabiwa pamoja na vitambaa, maua na taa. Nimeona kila moja ikifanikiwa na kila moja ikiaibisha watu, kwa hiyo sina sababu ya kuisifu moja na kuzikebehi nyingine.

Vigezo vya kulinganishia

Nitazilinganisha kwa mambo matano: ladha inayoweza kuhakikiwa kabla ya kulipa, uwezo wa keki kuhimili joto, kukatika kwa umeme na safari mpaka wakati wa kukatwa, ukubwa halisi unaonunuliwa, usafi pamoja na masharti ya dini, na makubaliano ya maandishi. Nakiri mapema kwamba kigezo cha pili nakipa uzito kuliko vingine vyote. Keki nyingi zilizoharibika nikiwapo hazikuharibikia jikoni, bali ziliharibika katika zile saa sita au saba za mwisho ambazo hakuna aliyekuwa amepangiwa kuzisimamia.

Ladha, na namna ya kuionja

Keki ya harusi ya Jumamosi kwa kawaida huokwa Alhamisi, hupambwa Ijumaa na kuliwa Jumamosi usiku. Anayeonja kipande kilichotoka kwenye oveni asubuhi hiyo hiyo anaonja kitu ambacho wageni wake hawatakionja kamwe. Njia ya haki ni kununua keki ndogo ya mapishi yale yale, kuiweka mezani ikiwa imefunikwa, na kuionja jioni ya siku ya pili. Keki ya vanila iliyobaniwa mafuta itakuwa imeanza kukauka na kumeguka, iliyotiwa siagi au majarini ya kutosha itakuwa bado laini, na keki ya matunda itakuwa imezidi kukolea.

Kwa mwokaji wa nyumbani jaribio hili ni rahisi, kwa sababu anafikika, na mara nyingi hukubali kupunguza sukari au kuongeza ganda la chungwa lililokwaruzwa ikiwa wazazi wanapenda hivyo. Udhaifu wake ni kubadilika. Wapo wanaooka vizuri sana kwa sufuria na mkaa, moto chini na moto juu ya mfuniko, lakini sufuria kubwa ya inchi 12 huhitaji moto ulio sawa kwa muda mrefu, na mkono ambao haujawahi kuoka ukubwa huo unaweza kutoa keki iliyoiva pembeni na kubaki mbichi katikati. Swali la kumuuliza ni keki kubwa kuliko zote aliyowahi kuoka ilikuwa ya inchi ngapi, na aliioka kwenye nini.

Bekari ina oveni kubwa na mapishi yasiyobadilika, hivyo keki ya mwezi huu itafanana na ya mwezi ujao. Hilo ni jema kwa asiyetaka mshangao, ingawa ni vigumu kuomba mapishi yabadilishwe kwa ajili yako. Msihadaike na kipande cha kabatini, kwani keki za kuuza kila siku na keki za oda si lazima ziokwe na mtu yule yule. Ombeni kuonja ya yule atakayeoka ya kwenu.

Fundi wa mbali huwa na uwanja mpana wa ladha na mapambo, na kwa maua ya sukari wachache hapa wanamfikia. Ugumu ni kumwonja. Kama anayo nia ya kazi, mlipeni aoke keki ndogo na kuituma kwa basi lile lile ambalo angelitumia kutuma kubwa. Kwa gharama hiyo ndogo mtakuwa mmejaribu ladha na safari kwa pamoja, na boksi likifika limelowa mafuta mtajua la kufanya.

Kuhusu kifurushi, jambo la kwanza kujua ni kwamba mpambaji mara nyingi si mwokaji. Humpa mtu mwingine kazi. Hilo si kosa, mradi aseme ni nani na akubali muonje. Mpambaji anayekwepa kumtaja mwokaji wake anaweza kuwa anasubiri kuona ni nani atakayekuwa wa bei rahisi wiki hiyo.

Joto, umeme na safari

Kigoma iko ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, kwenye kimo cha mita 770 hivi kutoka usawa wa bahari, ilhali Tabora iko kwenye mita 1,200 hivi. Anayeleta mazoea ya kupamba keki kutoka mahali penye ubaridi kidogo huishangaa hali ya hewa ya hapa. Siagi ya maziwa huyeyuka kwenye nyuzi 32 hadi 35 na hulegea mapema zaidi ya hapo. Mchana wa Septemba na Oktoba, ndani ya ukumbi wenye bati lisilo na dari, keki iliyopakwa krimu ya siagi tupu huanza kutoa jasho, kisha hupinda, kisha mstari wa chini huvimba kama tumbo. Wapambaji hupenda keki iwekwe saa nane mchana ili wapige picha za meza, na MC huita kukata keki saa tatu usiku. Hizo ni saa saba, tena mara nyingi chini ya taa kali zilizoelekezwa kwenye keki yenyewe.

Kwa hiyo kabla ya kuzungumzia rangi, ulizeni kitakachopakwa. Krimu ya siagi ina ladha nzuri kuliko nyingine lakini haihimili joto. Krimu ya kupiga ya maziwa huharibika upesi zaidi na haifai kukaa nje ya jokofu kwa saa hizo. Krimu za kupiga zisizo za maziwa, ambazo nyingi hutengenezwa kwa mafuta ya kokwa za michikichi, yaani yale yale ya mise tunayoyajua huku, husimama muda mrefu zaidi ingawa wengine huziona zikiacha utandu mdomoni. Waokaji wengi wa hapa huchanganya siagi na majarini ngumu ili wapate ladha na uimara, na kwa maoni yangu huo ndio ufumbuzi wa busara kwa ukumbi usio na kiyoyozi. Fondanti, ile ya sukari inayotandazwa kama kitambaa, hulinda keki dhidi ya joto, lakini adui yake ni unyevu: ikitolewa kwenye jokofu na kuwekwa kwenye hewa ya msimu wa mvua, kati ya Novemba na Aprili, umande huigandia, ikaanza kunata, na rangi nzito kama nyekundu na nyeusi huchuruzika.

Mwokaji wa nyumbani huwa karibu na ukumbi, na ukaribu huo ni mali. Anaweza kuleta ghorofa moja moja, akazipanga ukumbini na kuziba mapengo kwa krimu aliyobaki nayo. Tatizo lake ni jokofu, ambalo aghalabu ni moja na ni la familia nzima. Siagi hunyonya harufu, na katika mji wa wavuvi jokofu la familia huwa na migebuka. Niliwahi kula keki nyeupe ya kupendeza iliyokuwa na kumbukumbu ya mbali ya samaki, na bibi harusi alikuwa wa kwanza kuitambua. Ulizeni bila aibu keki italala wapi usiku wa Ijumaa, na umeme ukikatika itahamia wapi.

Bekari huwa na majokofu makubwa, na baadhi zina jenereta, ingawa inafaa kuiona jenereta yenyewe ikiwaka badala ya kuambiwa tu kwamba ipo. Wasichokuwa nacho wakati mwingine ni mtu wa kuisindikiza keki: Jumamosi wanakuwa na oda kadhaa, na keki yenu hukabidhiwa dereva ambaye hajui ghorofa zimeshikwa na nini. Keki ya ghorofa tatu iliyokwisha kupangwa haipaswi kupandishwa mlima kutoka stesheni hadi Mwanga ikiwa imepakatwa ndani ya bajaji. Nimeshuhudia ghorofa ya juu ikiteleza kwenye tuta moja tu, na jioni yote upande wa nyuma wa ile keki ukaelekezwa ukutani, umefunikwa kwa maua ya plastiki ambayo hayakuwa kwenye oda. Keki husafiri sakafuni mwa gari, mahali palipo tambarare, si juu ya kiti wala mapajani, na kila ghorofa inayobeba nyingine huwa na ubao wake na vijiti vilivyochomekwa ndani ya keki ya chini ili uzito usiikandamize.

Kwa fundi wa mbali safari ni suala zima. Reli ya Kati, iliyofika Kigoma mwaka 1914, ni ya zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Dar es Salaam, na keki laini haina kazi ndani ya safari ya namna hiyo. Basi kutoka Mwanza ni afadhali lakini bado ni siku nzima ya joto na mitetemo, na ndege huokoa muda mpaka siku inapoahirishwa. Fundi mwenye uzoefu hatumi keki iliyopambwa. Huoka, huigandisha na kuifunga vizuri, husafiri nayo pamoja na maua ya sukari yaliyokwisha kukauka, kisha huipamba hapa hapa. Njia hiyo hufanya kazi vizuri sana, lakini inawadai ninyi jiko safi, jokofu tupu, meza imara na malazi yake kwa siku mbili, na gharama hizo hazionekani kwenye bei aliyowatajia mwanzoni.

Kifurushi kina faida moja kubwa katika kigezo hiki, nayo ni kwamba mpambaji yupo ukumbini tangu asubuhi na ndiye mwenye meza. Anaweza kuichelewesha keki mpaka jua litue, kuiweka mbali na taa, na kusawazisha meza. Wa kwanza niliyemwona akifanya kazi hiyo sawasawa alitoa pima maji ya waashi mfukoni, akailaza juu ya meza, akakunja kipande cha kadi ya mwaliko na kukipachika chini ya mguu mmoja. Hakuna aliyemsifu kwa hilo usiku ule, lakini keki yake ilisimama wima.

Kilo, inchi na ghorofa za kweli

Hapa ndipo fedha za michango hupotea bila mtu kuiba. Keki huuzwa kwa kilo, lakini kilo ya nani? Nilimuuliza mwokaji mmoja wa Gungu:

"Mama, hizi kilo unazosema ni za unga au za keki yenyewe?"

"Za unga, baba. Wewe ukiipima ikishaiva utanilipa mara tatu?"

Alicheka, lakini hesabu yake ilikuwa sahihi. Unga kilo moja, sukari robo tatu, majarini nusu kilo na mayai kumi na mawili hukaribia kilo tatu kabla hata ya kupambwa. Kwa upande mwingine, kuna maduka yanayopima keki ikiwa imekamilika, pamoja na krimu na pengine pamoja na ubao wake. Keki ya kilo tano ya huyu na keki ya kilo tano ya yule zinaweza kuwa vitu viwili tofauti kabisa, na kamati ikalinganisha bei kana kwamba ni kimoja.

Inchi hazidanganyi kwa urahisi hivyo. Keki ya duara yenye urefu wa inchi 4 kwenda juu, ikikatwa vipande vya upana wa inchi 1 kwa 2, hutoa vipande 24 hivi kwa keki ya inchi 8, 38 hivi kwa inchi 10, na 56 hivi kwa inchi 12. Ghorofa tatu za ukubwa huo, zote zikiwa za kweli, hutosha watu 118 hivi. Harusi ya wageni 300 kwa hiyo huhitaji keki nyingine za trei, zisizo na mapambo, zinazokatwa nyuma ya ukumbi na kusambazwa na wahudumu. Na hapo hazijahesabiwa keki ndogo za kukabidhi wazazi wa pande zote mbili, ambazo zikisahaulika huleta maneno kuliko kitu kingine chochote. Ikiwa siku hiyo mnachoma pia ndafu, yaani mbuzi mzima wa kuchoma, ambayo siku hizi hata huku imeingia na watu huiita keki, hitaji la trei hupungua.

Mwokaji wa nyumbani kwa kawaida ndiye mwenye nafuu kwenye trei, kwa sababu halipi kodi ya fremu wala mishahara. Bekari huwa ghali kidogo lakini huweza kutoa trei kumi kwa siku moja. Fundi wa mbali hafai kabisa kwa trei. Kifurushi ndicho kinachohitaji macho zaidi, kwa kuwa baadhi ya ghorofa zake huwa za povu lililovikwa fondanti. Ghorofa bandia si ulaghai zikisemwa wazi, kwani hupunguza bei na uzito. Lakini nimesimama ukumbini MC akihesabu "tatu, mbili, moja", kisu kikagota kwenye povu na kukataa kuzama wala kutoka, na bwana harusi akabaki anakivuta mbele ya mama mkwe wake. Aliyejua ghorofa ya kweli ilikuwa ya chini tu alikuwa ameshaondoka.

Usafi na masharti ya dini

Tangu mwaka 2019 usimamizi wa usalama wa chakula nchini uko chini ya TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania, na maofisa afya wa manispaa hukagua sehemu zinazoandaa chakula. Bekari iliyosajiliwa hukaguliwa kwa urahisi kuliko jiko la nyumbani, na hiyo ni hoja ya haki kwa upande wake. Jiko la nyumbani, hata hivyo, mnaweza kulikagua wenyewe kwa macho yenu, jambo ambalo nyuma ya kaunta huwa halikubaliki. Angalieni maji ya kunawia, mahali mayai yanapowekwa, na kama aisingi ngumu hutengenezwa kwa ute mbichi wa mayai au kwa ute uliokaushwa wa kiwandani. Ulio mbichi unaweza kubeba bakteria wa salmonela, na meza ya harusi huwa na wajawazito na wazee.

Kwa familia za Kiislamu, ambazo Ujiji ni nyingi, maswali mawili hayafai kuachwa. La kwanza ni jelatini, ambayo hupatikana katika baadhi ya fondanti na krimu, na ambayo aghalabu hutokana na ng'ombe au nguruwe. Pakiti isomwe, na kama haisemi, itafutwe yenye alama ya halali au isiyo na jelatini. La pili ni pombe, kwa sababu keki ya matunda ya mapishi ya kale hulowekwa kwa brandi au ramu, na vanila ya maji aghalabu huwa na alkoholi. Matunda yanaweza kulowekwa kwa maji ya machungwa au chai kavu bila keki kupoteza utamu wake. Mwokaji wa nyumbani wa Ujiji huyajua haya bila kuambiwa. Bekari hujibu ikiulizwa, na fundi wa mbali huhitaji kuandikiwa. Mpambaji wa kifurushi asipojua, basi maneno yapelekwe kwa mwokaji mwenyewe.

Makubaliano

Karatasi moja inatosha, iwe ya duka au ya daftari: ladha ya kila ghorofa, ukubwa kwa inchi, zipi za kweli, kitakachopakwa, saa ya kufika, nani anaipanga ukumbini, dhamana ya stendi ya kuwekea keki na nani anairudisha. Rangi zithibitishwe kwa kipande cha kitambaa cha sare, kwa kuwa kila simu ina rangi zake. Kianzio cha nusu ni cha kawaida, na salio lilipwe keki ikiwa imesimama mezani. Bekari hutoa risiti bila kuombwa, kifurushi huwa na mkataba lakini keki hupewa mstari mmoja tu ndani yake, na kwa mwokaji wa nyumbani na fundi wa mbali ujumbe wa malipo kwenye simu usifutwe. Pia kamati imteue mtu mmoja tu wa kuzungumza na mwokaji. Mashangazi wa pande mbili wakianza kumpigia kila mmoja kwa wakati wake, hata mwokaji mwenye subira ataoka kitu ambacho hakuna aliyekiagiza.

Kila njia inawafaa akina nani

Mwokaji wa nyumbani anawafaa wenye wageni wasiozidi mia moja na hamsini hivi, wanaojali ladha kuliko urefu wa keki, na walio na mtu wa kwenda kuona jiko. Bekari inawafaa wenye wageni wengi, wanaohitaji risiti kwa ajili ya wachangiaji, au ambao mweka hazina wao hana muda wa kufuatilia. Fundi wa mbali anawafaa wale ambao keki kwao ni sehemu ya sura ya harusi, wana bajeti ya kumsafirisha mtu pamoja na keki, na wana nyumba ya kumpa jiko. Kifurushi kinawafaa wanaharusi walio nje ya mkoa mpaka wiki ya mwisho, mradi mtu wao aliyepo hapa aonje na aulize habari za povu.

Kwa hali yako

Ikiwa sherehe ni ya ukumbini mjini, wageni ni kati ya 200 na 300 na muda upo, njia ambayo kamati nyingi haziifikirii ni kugawa kazi: keki ya mbele itoke bekari au kwa mpambaji, trei zitoke kwa mwokaji wa nyumbani. Mnapata uzuri wa upande mmoja na ladha ya upande wa pili, ingawa mtakuwa na watu wawili wa kuwafuatilia siku ile ile, na mapishi yakitofautiana sana wageni watagundua.

Ikiwa ni walima wa mchana nyumbani Ujiji, keki ya ghorofa moja au mbili ya mwokaji wa jirani, ikiletwa karibu na wakati wa kukatwa, itakuwa salama kuliko keki ndefu iliyokaa uani chini ya turubai. Ikiwa sherehe ni Kasulu, Buhigwe au vijiji vya mwambao vinavyofikiwa kwa boti, keki isafiri ikiwa haijapangwa, na ghorofa angalau moja iwe ya matunda, ambayo haitishwi na siku mbili za njiani.

Wenye tarehe katika wiki zinazofuata Pasaka, katika Mfungo Mosi au mwezi Desemba wajue kwamba kila aliyekuwa akisubiri Kwaresima au Ramadhani iishe, au mwisho wa mwaka ufike, anatafuta mwokaji yule yule. Katika majira hayo bekari yenye wafanyakazi kadhaa ina nafasi nzuri zaidi ya kutimiza ahadi kuliko mama mmoja mwenye oveni moja, na anayemtaka huyo mama amwahi miezi miwili au mitatu kabla, huku akimuuliza ana oda nyingine ngapi Jumamosi hiyo.

Na ikiwa zimebaki wiki mbili, fundi wa mbali aachwe. Chagueni mwokaji wa hapa, wa nyumbani au wa bekari, mwenye keki anayoioka kila wiki, mchukueni kwa ladha yake aliyoizoea, na mkubaliane naye rangi nyeupe na mapambo mepesi. Msimwombe maua ya sukari, maana hayo huhitaji siku kadhaa kukauka, na msimu wa mvua huku Kigoma huwa hayataki kukauka kabisa.